Mgonjwa mmoja, kliniki mbili

Natibu watu wenye uraibu wa heroini ambao pia wana ugonjwa wa akili. Mtu anayetumia unga huku akisikia sauti huzungushwa sana: huku anaambiwa aache kwanza dawa za kulevya, kule anaambiwa akatibiwe kwanza akili. Sisi watumishi nasi tumegawanyika vivyo hivyo. Ndiyo maana kwangu mtandao wa watoa huduma ni sehemu ya tiba yenyewe.

Tangu hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ianze kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011, mgonjwa kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku dirishani, muuguzi akimwona. Sasa tuseme dozi imeshatulia, kisha kliniki ya akili inamwandikia kabamazepini, dawa ya kutuliza hisia na kifafa. Baada ya wiki moja au mbili anakuja na arosto, yaani dalili za mwili kukosa dawa uliyoizoea: jasho, kamasi, tumbo la kuhara, viungo vinauma, usingizi hakuna. Wengi watasema amerudia unga. Kumbe kabamazepini imelichochea ini liivunje methadoni haraka, na dozi ya jana haimfikishi leo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyohivyo. Haloperidoli nayo, dawa ya wanaosikia sauti, ikikutana na methadoni, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Haya yote yangezuilika kwa simu moja, lakini watu wasiojuana hawapigiani simu.

Mfano wa mtandao ninaoupenda ni ECHO, ulioanzishwa na daktari Sanjeev Arora huko New Mexico, Marekani, mwaka 2003, kwa ajili ya homa ya ini aina ya C. Watumishi wa vituo vya mbali hukutana kwa video. Mmoja anamweleza mgonjwa wake bila kumtaja jina, wengine wanahoji na kushauri. Semina haifiki hapo, kwa sababu huyu mgonjwa yupo kweli na kesho atarudi dirishani. Kwetu ningetaka waingie pia wafamasia, ustawi wa jamii na wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu, maana hawa wa mwisho hulala nyumba moja na mgonjwa na huona mabadiliko mapema.

Na tuzungumzie vifo. Mgonjwa uliyemhudumia kwa miaka akifa kwa kuzidisha dozi, asubuhi dirisha linafunguliwa kama kawaida. Muuguzi aliyekuwa akimpa dozi anahitaji wenzake wanaomfahamu marehemu, wakae naye, waseme.

Kama uko kliniki ya methadoni ya Temeke au Mwananyamala na huna namba ya mwenzako wa kliniki ya akili, iombe wiki hii.