Je, wajua kwa nini wazazi hujaa shuleni Julai na kuadimika Oktoba?

Mwalimu mkuu aliyekaa miaka michache katika shule ya msingi ya kijijini huko Tandahimba, Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, hashangazwi tena na jambo hili: kikao cha wazazi kikiitwa Julai, madawati huwa hayatoshi na wengine husikiliza wakiwa wamesimama dirishani; kikao chenye ajenda zilezile kikiitwa Oktoba, hufika wajumbe wa kamati ya shule, mwenyekiti wa kitongoji na wazee wachache wasioweza tena kazi za shamba. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba watu wa Kusini hawajali elimu. Yamerudiwa mno, hata sisi wenyeji tumeanza kuyasema wenyewe, lakini hayajibu swali lililopo, kwa sababu mzazi aliyejali Julai hawezi kuwa ameacha kumpenda mwanawe ilipofika Oktoba.

Sehemu kubwa ya jibu iko shambani. Mwaka wa shule huanza Januari na kuisha Desemba, na Serikali imeugawa katika mihula miwili inayofanana nchi nzima. Mwaka wa mkulima wa Mtwara na Lindi una mpangilio wake. Mvua huku ni za msimu mmoja, kuanzia takribani Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo watu hulima mahindi, mpunga, mihogo na mbaazi. Ufuta, ambao ni zao kubwa hasa mkoani Lindi, huvunwa kuelekea katikati ya mwaka, na minada yake huanza Juni. Kwa hiyo Julai inawakuta watu wengi wakiwa kijijini, chakula kipo, na baadhi yao wana fedha mkononi. Kuanzia Septemba korosho huanza kuanguka, na pilikapilika hizo haziishi hadi Desemba, pengine Januari. Katika kipindi hichohicho shule nayo ina shughuli zake nzito, kwani mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na upimaji wa darasa la nne hufuata kati ya Oktoba na Novemba.

Asiyewahi kuokota korosho anaweza kudhani kwamba kazi hiyo yaweza kuahirishwa hadi Jumamosi. Haiahirishwi. Bibo huiva na kuanguka pamoja na korosho yake, na kila siku mtu hana budi kupita chini ya mikorosho, aokote, ainyofoe korosho kwenye bibo, kisha aianike juani siku mbili au tatu kabla ya kuipeleka chama cha msingi cha ushirika. Ikilala chini penye unyevu, ubora wake hushuka na mkulima hupata bei ya daraja la pili. Ikilala zaidi, huokotwa na mwenye macho makali kuliko mwenye shamba. Kuinama siku nzima ni kazi ambayo mtoto wa miaka tisa huifanya vizuri kuliko bibi yake, na hapo ndipo daftari la mahudhurio linapoanza kuonyesha mapengo. Familia nyingi huhamia kabisa shambani na kuishi kwenye vibanda vya makuti mbali na kijiji, na mtoto ama hufuatana nao, ama huachwa kwa bibi, ambaye kwa miezi hiyo ndiye anayemwamsha na kumwosha, na ndiye anayetia saini barua za shule.

Fedha nazo zina kalenda yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008, mkulima halipwi siku anapopima mzigo wake. Korosho hupokelewa na chama cha msingi, husafirishwa hadi ghala kuu, hunadiwa, na baada ya hapo ndipo malipo huingia kwenye akaunti. Shule inayotangaza kwamba mchango wa uji wa wanafunzi ukamilike wiki ya kwanza ya Oktoba inamdai mtu ambaye mali yake iko ghalani na mfuko wake haujaona kitu. Mtu huyo hatakuja kikaoni kuaibishwa mbele ya jirani zake. Nadhani mimi pia nisingekwenda.

Suala la michango limechanganyika zaidi tangu 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua majukumu ya kila upande, ambapo mzazi alibaki na wajibu wa sare, vifaa vya kujifunzia, chakula na matibabu ya mwanawe. Wazazi wengi waliusikia waraka wa kwanza vizuri, kwa sababu ulitangazwa kwa sauti kubwa; wa pili uliwafikia kupitia kwa walimu, yaani kupitia kwa watu walewale waliokuja kuomba fedha. Si ajabu kwamba kila mwito wa kikao huanza kwa kushukiwa.

Namna ya kuita nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Barua ya shule kwa kawaida ni kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, kikiwa na maneno kama haya: “Mzazi/mlezi wa mwanafunzi tajwa unatakiwa kufika shuleni bila kukosa, saa 2:00 asubuhi.” Hakuna salamu, hakuna sababu, na lugha yake ni ya hati ya kuitwa mahakamani. Mtoto anayeibeba anajua kwamba mzazi huitwa pale mtoto anapokosea, hivyo karatasi hiyo huweza kukaa kwenye mfuko wa kaptura hadi ifuliwe. Taarifa hiyohiyo ikipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, au ikisemwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, ikiwa na salamu na ajenda iliyo wazi, huwafikia watu kwa sura nyingine kabisa. Vilevile saa mbili asubuhi ndiyo saa ambayo kila mtu yuko shambani. Saa kumi jioni ingewapata.

Lipo pia swali ambalo fomu za shule haziulizi: mzazi ni nani? Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao ndio wengi katika mikoa hii miwili, kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli nzito juu ya watoto wa dada yake. Mambo yamebadilika, hasa mijini na kwa athari za dini, lakini bado katika kaya nyingi uamuzi wa mtoto kuendelea na masomo mbali na nyumbani hauishii kwa baba. Kuna shule iliyomwita baba mara kadhaa kuhusu binti mtoro, naye kila mara akaitikia kwa upole na kusema atalishughulikia, kumbe mwenye kauli alikuwa mjomba, ambaye hakuna aliyefikiri kumwalika. Tofauti na hapo, viongozi wa dini walilitambua jambo hili mapema: katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mmisionari Mwanglikana Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kupiga vita jando ni kupoteza waumini, akaandaa jando la Kikristo kwa kushirikiana na wazee. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu hatua hiyo, lakini Lucas alijua kwamba malezi yalikuwa na wenyewe kabla yeye hajafika, na makungwi wa leo wanaweza kuambiwa na shule tarehe za likizo kwa heshima ileile, ili jando na unyago visiingiliane na masomo.

Mpaka hapa nimezungumzia familia, lakini ushirikiano huanza ndani ya ofisi ya walimu. Chukua mtoto wa darasa la tatu katika mwezi wa Oktoba. Mwalimu wa Kiswahili anaona kwamba hasomi aya ikaeleweka, na anahisi kwamba nyumbani anazungumza Kimakonde zaidi. Mwalimu wa Hisabati anamwona mvivu kwa sababu husinzia kipindi cha kwanza. Mwalimu wa zamu ameandika jina lake mara nyingi kwenye orodha ya wachelewaji na kumwadhibu. Kila mmoja ana kipande cha habari, na kila mmoja akimwita mzazi kivyake, mzazi ataitwa mara tatu na kuelezwa watoto watatu tofauti. Walimu hao wakikaa pamoja dakika 20 na daftari la mahudhurio katikati yao, wataona kwamba yote yalianza wiki ambayo familia ilihamia shambani. Tatizo linakuwa moja, na mzazi anaitwa mara moja kuzungumzia jambo lenye suluhisho: mtoto alale kwa bibi siku za shule, aende shambani Jumamosi.

Utaratibu wa kukaa hivyo upo. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayojulikana kama MEWAKA, yanataka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji shuleni, wajadili mada ngumu, waandae somo kwa pamoja na kutazamana wakifundisha. Kwa upande wa wazazi, Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa saba ya mwanzo ya EQUIP-Tanzania, programu iliyoanza 2014 kwa ufadhili wa Uingereza, ambayo ilisaidia shule kuunda ushirikiano wa wazazi na walimu, maarufu kwa kifupi UWAWA. Kamati ya shule husimamia majengo, mipango na fedha; UWAWA kazi yake hasa ni mtoto na darasa lake. Mahali pengi vyombo hivi viwili vimechanganywa vikawa kimoja, na mazungumzo yakarudi kwenye bati na saruji.

Mtafiti wa Marekani Joyce Epstein aliainisha aina sita za familia kushiriki katika shule, zikiwemo kupashana habari, kujitolea, kushiriki maamuzi na kumsaidia mtoto kujifunza akiwa nyumbani. Shule zetu ni hodari wa kuomba nguvukazi na michango, ilhali hiyo ya kujifunza nyumbani husahaulika, kwa kudhaniwa kwamba mzazi asiyejua kusoma hawezi kitu. Anaweza. Mtoto anayeisoma aya kwa sauti mbele ya bibi yake, kisha akamweleza kwa Kimwera alichosoma, amefanya zoezi la ufahamu ambalo mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hawezi kumfanyia kila mmoja.

Shule inayotaka kukutana na wazazi kuhusu upimaji wa darasa la nne ingefanya vyema kukutana nao Julai, walimu wakiwa wamekwishakubaliana majina ya watoto wanaohitaji kufuatiliwa, na ikiwezekana kukubaliana hapohapo ni nani atamlea kila mtoto wakati wa korosho. Michango ingesubiri minada ilipe. Na kikao cha Oktoba, kama ni lazima kiwepo, kifanyike jioni kwenye ua wa chama cha msingi, ambako wazazi wamekwishafika na magunia yao.