Mlanguzi, mnyonyaji, fisadi: nani ni nani?

Bei ya sukari ikipanda asubuhi, hadi jioni mtaa umeshampata mkosaji: mlanguzi. Kesho yake mtu huyohuyo ataitwa fisadi, kupe, bepari, na dalali aliyekaa zake kibarazani akisubiri wapangaji atachanganywa humohumo. Majina haya hayalingani. Mengine ni matusi tu, mengine yamewahi kumpeleka mtu jela.

Dhana: Walanguzi ndio walioleta uhaba wa miaka ya themanini.

Kwa Tanzania, hakuna dhana iliyoota mizizi kama hii. Kulangua ni kununua bidhaa kwa wingi, hasa iliyoadimika, ili uiuze kwa bei ya kuumiza. Waliofanya hivyo walikuwapo, tena si haba. Lakini uhaba uliwatangulia. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda duniani huku nchi ikiwa katika vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Serikali nayo ilikuwa ikipanga bei kupitia Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Sabuni ikawa na bei moja kwenye karatasi na nyingine uchochoroni, na hiyo tofauti ndiyo iliyomlisha mlanguzi. Halafu kuna jambo tunalolipitia juujuu: mzigo mwingine ulimfikia kwa mlango wa nyuma wa duka la umma, na mlango haujifungui wenyewe.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako. Ikatungwa sheria maalumu ya uhujumu uchumi iliyogusa hata makosa ya nyuma, na mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Watu walitupa mizigo vichakani kwa hofu. Msako ulitisha, lakini haukuzalisha hata kipande kimoja cha sabuni. Bidhaa zilianza kurudi madukani baada ya bajeti ya mwaka 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza vitu bila kuulizwa sana walizipata wapi. Anayetaka kujua ni nini kilichompunguzia mlanguzi faida, kwa maoni yangu atazame bajeti hiyo kabla ya kutazama magereza.

Dhana: Mhujumu uchumi ni lazima awe tajiri mwenye maghala.

Sheria ile ya 1983 haikudumu, ikapokewa na nyingine mwaka 1984 ambayo bado inatumika, ikiwa na marekebisho. Makosa yaliyomo ni mchanganyiko kwelikweli. Ndiyo maana utasikia mtu aliyekamatwa na meno ya tembo, au hata na nyamapori, anasomewa shtaka la uhujumu uchumi ingawa hajawahi kumiliki hata kibanda sokoni.

Dhana: Mnyonyaji ni aina ya mwizi.

Mwizi anavunja sheria. Mnyonyaji wa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa lililotangazwa Februari 5, 1967, angeweza kuwa mtu asiye na kosa lolote mahakamani. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Kodi ya nyumba! Leo kiongozi mwenye nyumba tatu za kupangisha anasifiwa kwamba amejipanga. Mwaka 1991 chama tawala, CCM, kilikaa Zanzibar na kulegeza masharti hayo, na yaliyokuwa unyonyaji yakawa kipato cha ziada.

Dhana: Dalali ni mlanguzi mdogo.

Hapana. Mlanguzi ananunua mali na kuificha, dalali hanunui kitu. Kazi yake ni kumkutanisha mwenye mali na mwenye shida, kisha achukue chake. Dalali wa mahakama ana kibali kabisa. Kwamba dalali wa nyumba Dar es Salaam anadai kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha chumba kimoja chenye ukungu ni kero, nami naikubali kwa moyo wote, lakini kero hiyo si ulanguzi.

Dhana: Fisadi ni neno la wizi wa mali ya umma tangu zamani.

Kwenye kamusi za zamani fisadi ni mtu mpotovu, hasa mwasherati anayeharibu wake na mabinti za watu. Maana ya fedha za umma ilipata nguvu kubwa baada ya Septemba 2007, Dkt. Wilbrod Slaa, wakati huo mbunge wa upinzani, aliposoma orodha ya mafisadi katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke. Bepari naye alianza kama mfanyabiashara tu, neno lililokuja na Wahindi.

Dhana: Chawa na kupe ni mamoja.

Kupe ananyonya kimyakimya. Chawa wa siku hizi anapiga kelele: anamsifia bosi, msanii au mwanasiasa mchana kweupe, na kila mtu anajua anatafuta nini.

Ukivuka Namanga, chunga zaidi. Kwenye magazeti ya Kenya mlanguzi mara nyingi ni yule wa dawa za kulevya au wa binadamu, na anayemlalia mkulima wa mahindi ataitwa broka.