Je, wajua kwa nini gitaa moja husikika kama mawili? Siri ya "Masanga", na jinsi ya kuipiga kwa mkono wako

Anayeisikia "Masanga", kipande cha gitaa, kwa mara ya kwanza huuliza: mpigaji wa pili ni nani? Juu kuna sauti nyembamba inayorukaruka, chini besi inatembea kama haina habari na mwenzake, na masikio yanaapa kwamba wapigaji ni wawili. Hakuna wa pili. Ni Mwenda Jean Bosco peke yake, kijana wa Bunkeya, Katanga, kusini mwa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada.

Santuri ilitoka kwa nembo ya Gallotone ya Afrika Kusini, jina lilelile lililozaa neno "galatoni" ambalo watu wa Tanzania bado hulitumia kwa gitaa kavu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi na sauti yake ikazoeleka redioni katika matangazo ya dawa ya Aspro. Kwa hiyo wapigaji wengi wa huku Afrika Mashariki walimjifunza kwa sikio, bila karatasi, na kila mmoja akatoka na Masanga yake. Hawakukosea. Kipande chenyewe kinataka hivyo.

Sikio ndilo linalodanganywa

Ubongo unaposikia sauti nyingi zikifuatana upesi huzipanga kwa ujirani: zilizo karibu kwa wembamba au uzito na zinazofanana kwa rangi ya sauti huwekwa fungu moja, zilizo mbali hutengwa. Chukua noti ya C kwenye uzi wa 5, freti ya 3 (uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko yote, wa 6 ndio mnene, na freti ni vile vijichuma vya shingo ya gitaa). Inatetemeka mara 131 hivi kwa sekunde. Noti ya G kwenye uzi wa 1, freti ya 3, inatetemeka mara 392. Ni mara tatu. Ukizipokezanisha kwa kasi, sikio halikubali kwamba huo ni mstari mmoja unaoruka juu na chini, bali linasikia mistari miwili, kila mmoja na safari yake.

Watu wa Buganda walilijua jambo hili zamani kwenye amadinda, marimba yenye vibao 12. Wapigaji wawili hupokezana mapigo kwa kasi kubwa, na mistari inayosikika haipo mkononi mwa yeyote kati yao, inazaliwa pale sauti zinapofumana. Wa tatu hukaa mwisho na kugonga vibao viwili vya juu tu, akiokota sauti ambazo sikio limekwisha kuzitenga. Mtafiti Gerhard Kubik aliuandika mpangilio huo mwaka 1960. Tofauti ya gitaa la Katanga ni kwamba kufumana kunatokea ndani ya kiganja cha mtu mmoja.

Hili lina maana moja ya mazoezi ambayo wengi huikosa: ukipiga polepole, muujiza hautokei. Wanaoanza hukata tamaa hapo, wakidhani kidole kimekosea, kumbe kasi bado haijatosha kulifanya sikio litenge mistari. Kidole kifundishwe polepole, lakini hukumu isubiri kasi.

Rangi ya sauti nayo ina kazi yake. Gumba lipige kwa nyama, likishuka. Shahada ipande kwa ukucha uliozidi nyama kwa milimita moja au mbili. Kisha laza ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya nyuzi za 6, 5 na 4 pale zinapoingia kwenye daraja la gitaa. Kiganja kikae juu ya daraja na kivuke mbele kwa milimita 2 au 3 tu. Besi inakuwa fupi na nzito kama ngoma, nyuzi tatu za juu zinabaki huru kulia. Ukisogea mbele sana, besi inapoteza noti na kubaki "pu, pu". Ukirudi nyuma sana, inavuma hadi kufunika sauti ya juu, na lile gitaa la pili linatoweka. Kosa hili la pili ndilo lililoenea zaidi, hasa kwenye nyuzi mpya za chuma zinazong'aa. Nyuzi za besi zilizochoka kidogo si msiba kwa mtindo huu, na kwa maoni yetu zinafaa zaidi.

Gumba kwanza, mengine baadaye

Mfano unaofuata si nakala ya Masanga. Ni fremu ya kuuzoesha mkono kabla hujaigusa rekodi. Shika mkao wa C: kidole cha pete kwenye uzi wa 5 freti ya 3, cha kati kwenye uzi wa 4 freti ya 2, cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye uzi wa 2 freti ya 1. Hesabu kwa sauti: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gumba linapiga kwenye namba peke yake, uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4. Halibadiliki, haliharakishi, halisubiri.

Shahada inaingia mara tatu: pamoja na gumba kwenye "moja" (uzi wa 1), peke yake kwenye "na" inayofuata mbili (uzi wa 2), kisha pamoja na gumba kwenye "nne" (uzi wa 3). Ukihesabu kila namba na kila "na" kuwa pigo, jumla manane, mafungu ya juu ni 3, 3 na 2, huku ya chini yakiwa ni 2 kila mara. Hapo ndipo utamu ulipo.

Linaloharibika karibu kila mara ni ile "na" ya katikati. Gumba linavutwa na shahada na kuanguka nayo, au linachelewa ili kuipisha. Sababu ni kwamba mtu amekariri vidole kama foleni, hiki kisha kile, badala ya kukariri gumba kama mashine inayojiendesha. Dawa ni kulipiga gumba peke yake kwa mapigo 60 hadi 70 kwa dakika huku ukizungumza. Kama huwezi kujibu salamu ndefu za Kiswahili, za nyumbani, za watoto, za kazi, bila gumba kuyumba, shahada isubiri. Ongeza mapigo matano kwa dakika baada ya kupita mara tatu mfululizo bila kukwama, si kabla.

Ukihamia F, funga nyuzi za 1 na 2 kwenye freti ya 1 kwa kidole kimoja, weka cha kati kwenye uzi wa 3 freti ya 2, cha pete kwenye uzi wa 4 freti ya 3. Gumba sasa linaanzia uzi wa 4 kisha linashuka uzi wa 5 ulio wazi, kinyume cha lilivyozoea kwenye C, na mguu hujikwaa hapo. Unaweza kuchagua nyuzi za 4 na 3 badala yake, lakini basi shahada ihamie uzi wa 2 kwenye "nne", la sivyo vidole viwili vitagombea uzi mmoja. Kwenye G, gumba lina uzi wa 6 freti ya 3, kisha uzi wa 4 ulio wazi. Zungusha C, F, C, G, mzunguko mmoja kila mkao, mpaka mkono wa kushoto uache kuuliza unakwenda wapi.

Kabla hujaigeuza

Kaa na rekodi. Usianze na sauti ya juu hata kama ndiyo inayokuvutia. Piga makofi ya gumba tu mwanzo hadi mwisho, na ukipotea, rudi mwanzo. Kumbuka pia kwamba santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kosa la asilimia 6 tu katika kuzinakili hupandisha au kushusha muziki wote kwa nusu sauti. Gitaa lako likikataa kuoana na rekodi, usijilaumu na usiharakishe kubuni tyuni (namna ya kukaza nyuzi) ya ajabu. Legeza au kaza nyuzi zote kwa kiasi kimoja mpaka zioane, ndipo utafute mikao.

Ukipata nakala iliyoandikwa kwa noti, jua kwamba imenasa siku moja tu. Mtafiti David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi wa upigaji wa Mwenda mwaka 1961 na 1962, aliuita ubunifu wa papo kwa papo tangu kwenye kichwa cha makala. Muziki huu ni mzunguko unaorudi, na kila ukirudi kuna kitu kimesogezwa. Mwenye kukariri rekodi moja noti kwa noti amefanya zoezi zuri la vidole, ila amekariri jibu la swali ambalo Mwenda alilijibu upya kila mara.

Pa kugusa, na pa kuacha

Kanuni ya kazi ni hii: usibadilishe juu na chini kwa wakati mmoja. Msikilizaji anahitaji kamba ya kushika. Gumba likibaki, juu unaweza kufanya karibu lolote. Juu ikibaki, gumba linaweza kutembea. Vyote vikihama pamoja, umetunga wimbo mwingine, jambo ambalo si dhambi, lakini usiuite Masanga. Fungua na mizunguko miwili au mitatu kama ilivyo kwenye rekodi, kisha ndipo uondoke.

Njia rahisi ya kuondoka ni kurefusha mafungu ya juu. Unganisha mizunguko miwili iwe mapigo 16, na shahada iingie kwenye 1, 4, 7, 10, 13 na 15. Ni 3 mara nne, kisha 2 mara mbili, na 17 ndiyo "moja" mpya. Kwa muda mrefu msikilizaji anadhani umepotea, halafu unarudi nyumbani pamoja na gumba. Usifanye hivi kila mzunguko, kwa sababu mshangao unaorudiwa unageuka mazoea.

Ya pili ni noti pacha. Kwa mvuto mmoja wa shahada kwenda juu unaweza kuamsha nyuzi mbili: C na E (uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 wazi), D na F (freti ya 3 na ya 1), E na G (freti ya 5 na ya 3). Panda ngazi hizo tatu na kushuka, juu ya gumba lilelile la C. Tatizo ni mkono wa kushoto: ukifika freti ya 5, kidole cha pete kinaachia besi ya uzi wa 5. Basi kwa mapigo hayo gumba lipige uzi wa 4 peke yake, ambao E yake ya freti ya 2 inaweza kuhamia chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, au lipige besi iliyozimwa na kiganja. Ukilazimisha vyote, kiganja kinakakamaa na kasi inakufa.

Gumba nalo lina zamu yake. Badala ya kupokezana nyuzi mbili, lipe matembezi: kutoka C kwenda F piga C, C, D, E, kisha F iangukie kwenye "moja" inayofuata (uzi wa 5 freti ya 3 mara mbili, uzi wa 4 wazi, freti ya 2, halafu ya 3). Kwenda G, piga C, C, B, A, kisha G ya uzi wa 6. Juu, acha shahada irudie kijisentensi kifupi ambacho mkono unakijua usingizini.

Lakini tofauti kubwa kati ya mpigaji na mpigaji haitoki kwenye mbinu hizi. Inatoka kwenye ngoma ya kwao. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake walichukua gumba na shahada, wakaweka ndani yake mwendo wa ngoma za sukuti za Waluhya, chupa ya Fanta ikigongwa pembeni, na ukatoka mtindo mwingine kabisa: omutibo. Vidole ni vilevile, lafudhi imebadilika. Wewe pia una mwendo uliokua nao, uwe wa ngoma ya vanga, ya mdundiko au ya sindimba. Uimbe kwa mdomo juu ya gumba kabla hujautafuta kwenye nyuzi. Mdomo hauna mazoea ya freti, hivyo hautakurudisha kwenye vijisentensi vyako vya kila siku.

Mkiwa wawili, msipige mkao mmoja. Mmoja abaki kwenye C, mwingine afunge kapo (kibano cha kubana nyuzi zote) freti ya 5 na kushika maumbo ya G, ambayo hapo yanatoa C ileile kwa rangi nyembamba zaidi. Penye F ya mwenzake ashike umbo la C, penye G ashike D. Na mwenye chupa aambiwe mapema: agonge mwendo mmoja na abaki nao hata magitaa yakitangatanga.

Kumaliza ni shida ya muziki wowote wa kuzunguka, kwa sababu hauna mlango wa kutokea. Usipunguze mwendo kama redio inayoishiwa betri. Chagua "moja" ya C, piga uzi wa 5 na uzi wa 1 kwa pamoja, halafu ulaze kiganja kizima juu ya nyuzi kabla ya "mbili" kufika.