Wazee wa Mombasa hawajasahau, hawajaulizwa

Mimi na wenzangu wachache huzunguka mitaa ya Mombasa tukikaa barazani na wazee kurekodi kumbukumbu zao za mji, birika la kahawa tungu pembeni, simu ikinasa sauti. Kila tuendako hukutana na maneno yaleyale, mengine ya nia njema kabisa, lakini si kweli.

"Kumbukumbu si ushahidi, lete karatasi"

Hili husemwa zaidi na waliosoma, nami nilikuwa mmoja wao. Kilichonigeuza ni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, aliyeishi zama za Mazrui, watawala wa mji, kuvutana na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, akafariki karibu mwaka 1840. Wasomi leo wanazitumia beti zake kuelezea siasa za mji wakati ule. Lakini zilitufikiaje? Kwa sehemu kubwa zilikaa midomoni mwa watu hadi miaka ya 1880, ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuziandika, akishirikiana na padri Mwingereza, William Taylor. Diwani ikachapishwa 1940. Kwa hiyo hata hiyo karatasi tunayodaiwa ilitoka kwenye kumbukumbu.

Ni kweli kwamba shairi lina kufuli zake. Ukikosea neno, kina kinakataa au mizani inapwaya, na msikilizaji anakusahihisha papo hapo. Masimulizi ya kawaida hayana ulinzi huo. Mzee atachanganya miaka, ataweka arusi ya dada yake kabla ya vita ilhali ilikuwa baada. Kosa mara nyingi ni la muulizaji. Ukimuuliza "mwaka gani?", atakutajia wowote ili usiondoke mikono mitupu. Muulize badala yake kama siku hizo daraja la Nyali lilikuwa bado lile la kuelea. Akisema ndiyo, mko kabla ya 1980. Muulize kama bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea Ngomeni, kwenye Ngome ya Yesu. Hapo mko kabla ya Uhuru, Desemba 1963. Kisha nenda kwa jirani yake umuulize hayohayo, bila kumwambia mwenzake kasema nini.

Na karatasi nazo zina wenyewe. Faili la afisa wa mkoloni kuhusu mgomo liliandikwa na mtu aliyetaka mgomo uishe.

"Historia ya Mombasa iko Mji wa Kale"

Watalii huambiwa hivyo, na sisi wenyewe tumeamini. Ngome ya Yesu ina haki yake: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini zile nyumba za roshani za mbao zinazosemwa kuwa na miaka mia tano, nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua kwenye uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani miaka ya 1970, walikuta mabaki ya makazi ya karibu karne ya 11. Yaani wagonjwa wetu wanalala juu ya mji ulio mkongwe kuliko Mji wa Kale.

Vuka sasa daraja uende Kisauni. Kondakta anaita "Kengeleni! Kengeleni!" mchana kutwa, na abiria wengi hawajapata kujiuliza ni kengele gani. Kengele ipo, mnara wake umesimama pale njia panda. Mwaka 1875 wamisheni wa Kanisa la Uingereza walianzisha hapo Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika waliokuwa wamepelekwa India, wakasomeshwa huko, kisha wakarudishwa pwani. Kengele ililia kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Wajukuu na vitukuu vya watu wale wako hai, na wana ya kusimulia ambayo hayamo kwenye kibao chochote.

Kuna pia historia ya makuli. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani waliweka kazi chini, mji mzima ukasimama. Walikutana kwenye uwanja walioubatiza wenyewe Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao aliyekuja kujulikana zaidi, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo. Waliogoma walitoka bara na pwani, Waislamu kwa Wakristo, na wengi walizikwa humuhumu Mombasa. Sasa mtu akiniambia historia ya mji ni ya "wenyeji" pekee, huwa namuuliza mwenyeji kwake ni nani. Mbaluchi wa Makadara, ambaye babu zake waliletwa kama askari wa masultani, yumo? Mtaita wa Changamwe je?

"Zile pembe za Moi Avenue ni pembe za ndovu"

Ni alumini. Zilianza kusimamishwa miaka ya 1950 kupamba njia ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Tuendelee.

"Mambo ya mji waulize wanaume"

Hata sisi tulianza hivyo, kwa sababu baraza ni ya wanaume na ndiyo iliyo wazi njiani. Tulijaza saa nyingi za siasa na mpira. Siku tuliyoingia uani ndipo tulipojua nyumba ipi iliuzwa kwa deni, nani alimwoa nani na kwa nini koo mbili hazizikani. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, Banu Saada na Ibinaal Watan vikishindana kwa ngoma, sare na vishindo, na chama kilihitaji uongozi, fedha na siri zake. Miaka ya 1970 watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu wa mji huu kwa maneno yao wenyewe. Yalitoka kitabuni kwa Kiingereza 1989 na kwa Kiswahili 1991. Njia imeshaonyeshwa kitambo, waliobaki nyuma ni sisi.

"Hiyo ni kazi ya makumbusho"

Makumbusho ya Taifa yana ofisi inayosimamia uhifadhi wa Mji wa Kale, na sheria ya mwaka 2006 inalinda majengo na vitu vya kale. Sheria hiyo inaweza kumzuia mtu kubomoa ukuta wa matumbawe. Haiwezi kumzuia bibi kufa na hadithi ya ukuta huo. Kazi hiyo inahitaji watu wa mtaa: siku ya kuleta albamu za picha na kuandika majina nyuma ya kila moja, au kuchora ramani ya mtaa na wazee kwenye karatasi kubwa, mwembe uliokatwa na kisima kilichofukiwa vikiwemo.

"Ukisharekodi, umehifadhi"

Nilikuwa na mahojiano kumi na moja kwenye simu moja. Simu ikaibiwa ndani ya matatu. Wawili kati ya wazee hao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Sasa kila sauti tunaiweka mahali patatu, na nakala moja ni ya familia. Jina la msimulizi, mtaa na tarehe hutamkwa mwanzoni kabisa mwa rekodi, maana karatasi hupotea na unyevu wa pwani hauna huruma na kaseti wala daftari. Tunapoandika, hatusahihishi lugha. Akisema *ndia* kwa njia, *kitwa* kwa kichwa na *ndoo* kwa njoo, tunaandika hivyo. Kijana mmoja aliwahi "kusafisha" mahojiano yote yakawa Kiswahili cha mtihani, na binti wa mzee aliposomewa akasema, "Huyu si baba."

"Kila lililosemwa ni la umma"

Bibi mmoja wa mtaa wa Kuze alitusimulia saa nzima kuhusu kichochoro chake: nani alifika lini na kutoka wapi. Akafika kwenye ukoo fulani, akaanza kueleza ni nani aliyekuwa mtumwa wa nani. Akanyamaza. Watu wa koo zote mbili bado hupelekeana futari.

"Mwanangu, hiko kitu chashika bado?"

"Chashika, bibi."

"Hapo pafute."

Tulipafuta akiwa anatazama, kisha akaendelea na habari za kisima.