Dearfield: kijiji kimekufa, majalada ya ardhi yapo

Kwenye barabara namba 34 huko Colorado, kati ya Greeley na Fort Morgan, kuna mabanda machache ya mbao yaliyochakaa katikati ya nyasi kavu. Ndiyo Dearfield hiyo. Wenzetu waliotoka Kongo na Somalia na kupata kazi katika viwanda vya nyama vya miji hiyo miwili, huenda wanapita hapo kila mara. Miaka mia moja iliyopita palikuwa kijiji cha wakulima Weusi, chenye makanisa, shule na mgahawa.

Inayosimuliwa sana ni habari ya mwanzilishi. Oliver Toussaint Jackson, mzaliwa wa Ohio, alikuwa tarishi katika ofisi ya gavana wa Colorado. Mafundisho ya Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Weusi wa Marekani, kuhusu kujitegemea yalimwingia, na mwaka 1910 akadai ekari 320 za ardhi ya serikali kwenye nyika hiyo. Habari ni ya kweli, ila imewafunika wote waliomfuata. Kazi yangu ni kufuatilia nyaraka za ardhi, na anayetaka kukijua kijiji hiki namshauri amweke Jackson pembeni kwanza, aanze na mashamba.

Serikali ya Marekani iliipima nyika hiyo kwa miraba. Kila mraba mkubwa una upande wa maili 6, nao umegawanywa katika vipande 36 vya maili moja kwa moja, yaani ekari 640 kila kimoja. Ukishajua namba za kipande na mraba wake, umepata ufunguo. Idara inayosimamia ardhi ya serikali, Bureau of Land Management, imeweka hati miliki za zamani kwenye intaneti, bure. Unaingiza namba, majina ya majirani yanajipanga yenyewe.

Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo wanapopotoka. Hati miliki ilitolewa kwa aliyetimiza masharti tu. Sheria ya mwaka 1862 (Homestead Act), iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi, ilimtaka mtu aishi kwenye shamba miaka 5, ajenge na alime. Mwaka 1912 miaka ikapunguzwa kuwa 3. Aliyeshindwa akaondoka mwaka wa pili hana hati, kwa hiyo ukitegemea hati pekee unamfuta kijijini kabisa. Yeye yumo katika vitabu vya ofisi ya ardhi, ambamo karani aliandika kila dai, likiwamo lililofutwa. Mstari uliokatwa kwa wino mara nyingi una faida kuliko uliokamilika: unaonyesha shamba lilipita mikononi mwa nani na nani.

Kisha omba jalada lenyewe la dai kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani (National Archives). Sijaona waraka unaomweleza mkulima maskini kwa undani kama huu. Mwombaji alipokwenda kuthibitisha dai lake, yeye na mashahidi wawili waliulizwa maswali kwa kiapo: nyumba ina ukubwa gani, ilijengwa lini, ekari ngapi zimelimwa kila msimu, mmevuna nini, nani anaishi humo, na je, umewahi kuondoka, kwa nini? Swali hilo la mwisho silipiti haraka. Wakulima wengi wa Dearfield walikuja bila mtaji, kwa hiyo walitafuta vibarua Denver au kwenye mashamba ya wengine, na sheria ya 1912 iliruhusu kuwa nje hadi miezi 5 kwa mwaka. Ukiona mume hayupo miezi hiyo, uliza nani alibaki analima. Jibu mara nyingi ni mke na watoto. Msisahau pia kwamba mashahidi walikuwa majirani. Orodhesha nani alimshuhudia nani, na utaanza kuuona ujirani ambao ramani haionyeshi.

Sensa inasaidia, ila kwa tahadhari. Idadi za watu zinazotajwa kwa kilele cha Dearfield ni kati ya 200 na 700, na sishangai: inategemea umehesabu waliokaa karibu na barabara, au na wenye mashamba ya mbali pia. Mwaka 1940 walihesabiwa watu 12.

Kwa nini waliondoka? Wengi husema dhoruba za vumbi na ukame wa miaka ya 1930, nami naona hilo ni nusu ya jibu. Walilima kwa kutegemea mvua, juu ya udongo wa mchanga, na miaka yao ya mwanzo ilibahatika kupata mvua nzuri. Vita Kuu ya Kwanza ikapandisha bei za mazao. Vita ilipoisha bei zikaanguka, na aliyekuwa na deni alianza kuzama muongo mzima kabla ya vumbi. Kwa hiyo angalia rehani na kodi za ardhi katika masjala ya wilaya ya Weld, hasa miaka ya 1920. Tarehe za kuuza zitakuambia nani alitangulia kuondoka.

Jackson mwenyewe hakuhama upesi; alifariki mwaka 1948, akiwa bado anatafuta mnunuzi wa mahali hapo. Wengine walioondoka wafuatilie Denver, hasa mtaa wa Five Points uliokuwa na Weusi wengi, katika sensa ya 1930, 1940, na ya 1950 iliyofunguliwa mwaka 2022. Mabinti watafute kupitia kumbukumbu za ndoa, maana majina ya ukoo yamebadilika.