Babu hakwenda Tanga kwa tamaa

Katika familia nyingi zenye asili ya Kigoma au Songea husimuliwa kwamba babu aliitelekeza familia akakimbilia mashamba ya mkonge ya Tanga kwa tamaa ya fedha. Masimulizi hayo huacha mambo makubwa.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza kodi hiyo pamoja na ya kichwa. Serikali ilitaka fedha taslimu, ilhali maeneo yaliyokuwa mbali na bandari na masoko yalikuwa na mazao machache ya kuuza, na yakaachwa kwa makusudi yawe hazina ya vibarua. Kwa hiyo swali la kijana wa wakati ule halikuwa kama anataka fedha, bali angeipata wapi kabla ya kukamatwa kwa kutolipa.

Aliyeandikishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge alipewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba, ambalo leo tunalitumia kama tusi dogo. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na ujira wake ulilipwa zilipojaa zote. Aliyeugua malaria wiki nzima alibaki na nafasi tupu. Ujira wenyewe ulikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja, kwa hesabu kwamba mkewe na watoto wangejilisha kwa jembe kijijini.

Anayemhoji bibi yake, basi, aulize pia nani alilima shamba miaka ile.