"Ni uzee tu": maswali kuhusu wazee wanaoletwa dharura

Nafanya kazi kitengo cha dharura hapa Moshi. Wazee tunaoletewa kutoka Marangu, Machame na Rombo wengi wanachelewa, na ukiuliza kwa nini unajibiwa neno lile lile: ni uzee.

Udhaifu wa uzeeni ni nini?
Ni mwili kuishiwa akiba. Ugonjwa mdogo wa mkojo, ambao kijana angeumaliza kwa vidonge, unamlaza mzee kitandani. Umri peke yake hausemi kitu: yupo babu wa miaka 85 anayepalilia kihamba chake, shamba la nyumbani, na yupo wa 67 asiyeinuka kwenye kiti bila kushikwa.

Mnaupimaje?
Kwa kuuliza na kuangalia, hakuna sindano. Kipimo kinachotumika sana kilianzia Kanada, kina ngazi 1 hadi 9, na kuanzia 5 mzee anahesabiwa dhaifu. Wengi hawajui kwamba hatupimi alivyo leo juu ya machela, tunapima alivyokuwa wiki mbili kabla. Alikuwa anaoga mwenyewe? Anakwenda sokoni na kurudi na chenji kamili? Halafu aliyemleta anasema, "Mimi nimetumwa tu nimlete." Tufanyeje hapo?

Bibi tangu juzi anaongea ovyo na hataki kula. Si uzee huo?
Hapana. Uzee hauji kwa siku mbili. Mtu aliyekutaja jina Jumatatu, Jumatano anakuita jina la mdogo wake aliyezikwa zamani, huyo anaumwa. Inaweza kuwa nimonia, mkojo, kuishiwa maji, sukari kushuka au dawa alizomeza. Usisubiri achemke, kwa sababu mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa. Mlete siku hiyo hiyo.

Lakini ana miaka 90.
Hata angekuwa na 100. Kusahau kwa uzeeni kunaingia polepole, kwa miezi na miaka. Uzee hauji kwa siku mbili! Usimsubiri mtoto wa Dar apande basi Ijumaa ndipo muamue. Maombi hatukatazi, mwombeeni akiwa tayari ameonwa na daktari.

Ameanguka, ila hakuvunjika.
Ameanguka kwa nini? Presha inaweza kushuka akisimama, macho yanaweza kuwa hayaoni, misuli imeisha. Kama aligonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye, wakati nyumbani mmeshasahau.

Mkiona ni dhaifu, si mtamwacha?
Tunampima ili tusimwache. Tunajua nani dawa zake zipunguzwe na nani ainuliwe kitandani mapema asimame, maana misuli ya mzee inayeyuka haraka kitandani.

Tuje na nini?
Na mtu anayeishi naye, tafadhali. Dawa zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za mitishamba na zile za magoti mnazonunua dukani bila cheti. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ikimezwa kila siku inaweza kuua figo za wazee, na tunaiona sana. Miwani na fimbo pia, kwa kuwa asiyeona vizuri atajibu vibaya tudhani amechanganyikiwa. Mtori uje, lakini msimlishe mpaka tuhakikishe anameza sawasawa. Aliyechanganyikiwa chakula kinaweza kumwingia mapafuni.